Malaika Yangu Hayajakukosea

Kiswahili kina neno moja ninalolipenda sana. Zile nywele ndogo ndogo za mikono na miguu, zile husimama ukishikwa na baridi ama ukisikia wimbo mtamu, zinaitwa malaika. Moja ni laika, zikiwa nyingi ni malaika. Sijatunga, ingia kwa kamusi utaipata. Neno ni lile lile la wale wa mbinguni.

Sasa chukua simu, jirekodi ukiwa na kaptura, malaika yaonekane, halafu uweke hiyo video. Ukirudi baada ya saa moja utakuta umepewa majina mengine. Msitu. Sokwe. "Huyu ni chali." Kuna msee atauliza kama kwenu hakuna wembe, na kuna dem mwenzako atacheka chini yake na kuweka vile vikatuni vya machozi.

Nimeulizwa mara nyingi msimamo wangu kwa hii maneno ya kunyoa, kwa hivyo leo naandika yote mara moja ndio nikiulizwa tena niwe natuma hii. Msimamo ni huu: nyoa, usinyoe, hiyo ni ngozi yako. Chenye napinga ni aibu. Aibu ina bei, na wanaoilipa ni wasichana wa umri wangu na walio chini yangu, wengine kwa pesa, wengine kwa ngozi, na wengine kwa afya yao kabisa.

Kwa wale wapya hapa, mimi nakaa Sachangwan. Ukitoka Nakuru ukielekea Eldoret, ukishapita Salgaa barabara inaanza kupanda, malori yanaanza kulia, ukungu unaanza kuingia kwa dirisha la matatu. Hapo ndio kwetu. Watu wengi wanatujua kwa habari za ajali tu. Niliacha chuo mwaka wa pili, nikarudi huku, na sai kazi yangu ni simu, taa moja ya kurekodia, na intaneti ikikubali.

Sachangwan ni baridi. Baridi ya kuvaa suruali mbili na soksi za mjomba. Asubuhi shambani niko na gambuti, jioni niko na leso juu ya suruali. Miguu yangu inaweza kumaliza mwezi mzima bila kuonwa na mtu yeyote isipokuwa mimi na maji ya kuoga. Lakini hata hapa, nikiwa kidato cha tatu, nilikuwa najua tayari kwamba miguu yangu iko na shida. Nani aliniambia na hakuna mtu ameiona?

Si mathe. Si shosho. Shosho anasema enzi zao msichana mwenye malaika miguuni alisifiwa, na mpaka leo kuna wazee kwa stendi ya boda watakuambia hivyo hivyo bila kuulizwa. Kuna hata ile story ya kwamba mwanamke mwenye ndevu lazima atakuja kuwa na pesa. Sisemi wako sawa. Kusifiwa miguu na mzee hujamuuliza pia ni shida yake. Nasema tu kwamba urembo uliopitishwa na shosho na urembo nilioukuta kwa simu ni vitu viwili tofauti, na katikati yao hakuna kitu kilichobadilika kwa mwili wa msichana. Nywele ni zile zile. Aliyebadilika ni muuzaji.

Kuna watu husema kunyoa ni mambo ya wazungu. Hapana. Afrika Mashariki tumenyoana kitambo sana, na ilikuwa na maana. Wamaasai wana sherehe ya Eunoto, ambapo moran anamaliza ujana na kuingia utu uzima, na mama yake ndiye anamnyoa zile nywele ndefu alizokaa nazo miaka. Jamii nyingi za huku zilinyoa kichwa wakati wa matanga. Ukimwona mtu na kipara ulijua kuna jambo limetokea kwake. Nywele zilikuwa habari.

Ukiteremka Pwani, kuanzia Lamu mpaka Mombasa na Zanzibar, bi harusi anasuguliwa singo, anapakwa hina, na nywele za mwili zinatolewa, mara nyingi kwa sukari iliyopikwa na ndimu mpaka ikawa kama gundi. Kuna mwanamke mzima anayemfundisha na kumsimamia, somo ama kungwi. Na kwa Waislamu kuondoa nywele za kwapa na za sehemu za siri ni sehemu ya usafi, na kuna hadithi ya Mtume inayosema zisiachwe kupita siku 40. Lakini angalia kitu kimoja hapo: hiyo sheria ni ya mwanaume na mwanamke. Wote wawili. Hakuna kijana atamcheka dada yake kwa kitu ambacho yeye mwenyewe anatakiwa kufanya kabla ya hizo siku kuisha.

Hiyo ndio tofauti naona. Utaratibu ukiwa wa kila mtu, unabaki kuwa utaratibu. Ukiwa wa upande mmoja peke yake, na upande mwingine unakaa na nywele zake za kwapa kwa vesti ukikupigia kelele, hapo hatuongei usafi tena.

Na tukiongea usafi, tuongee vizuri. Jasho lenyewe likitoka halinuki. Harufu inakuja bakteria wa kwa ngozi wakishalila. Nywele za kwapa zinaweza kushikilia jasho na harufu, ni kweli, lakini chenye kinaondoa ni maji na sabuni. Mtu amenyoa na hajaoga atanuka. Mtu hajanyoa na ameoga hatanuka. Kama nywele za kwapa zingekuwa uchafu, basi kila mwanaume aliye kwa hiyo matatu yako ya asubuhi ni mchafu, na hakuna mtu amewahi kumwandikia hivyo chini ya picha yake ya mpira.

Hii aibu mpya ina tarehe yake. Gillette ilipata haki ya wembe wake mwaka wa 1904, na miaka ya kwanza iliuzia wanaume. Mwaka wa 1915 ikatoa wembe wa wanawake, ikaupa jina tamu la Kifaransa, Milady Décolleté. Mwaka huo huo jarida la Harper's Bazaar la Marekani lilikuwa linachapisha matangazo ya kuwaambia wanawake kwamba nguo mpya zisizo na mikono zinataka kwapa lisilo na nywele. Fikiria hapo kidogo. Mwaka wa 1910 kwapa la mwanamke wa New York halikuwa na tatizo. 1915 likawa nalo. Halikuugua katikati, lilipata tu nguo mpya na bidhaa mpya.

Miguu ilifuata. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili nailoni ilihitajika kwa miavuli ya wanajeshi, soksi ndefu za wanawake zikakosekana madukani, miguu ikabaki wazi, na wembe ukapata kazi nyingine. Hivyo ndio kitu kinakuwanga "kawaida". Haianzi kama sheria. Inaanza kama tangazo, kisha mtindo, halafu miaka 100 baadaye mtoto wa kidato cha tatu aliyevaa suruali mbili kwa ukungu wa Sachangwan anaona haya.

Na hapa Kenya kuna kichekesho kingine. Msichana wa shule nyingi za serikali anaingia sekondari akiambiwa nywele za kichwa zikatwe ziwe fupi kabisa. Miaka yote ya sekondari kichwa chake si chake. Anamaliza shule mwezi wa kumi na moja, na kabla Desemba iishe dunia nzima inamwambia sasa weka nywele kichwani, ndefu, hata kama si zako, na utoe zile za mwili zote. Juu panda, chini fyeka. Hakuna siku hapo katikati ambapo mtu amemuuliza yeye anataka nini.

Mwaka wa 2019 Mahakama Kuu iliamua kesi ya msichana wa Kirasta aliyefukuzwa shule moja ya Kibera kwa sababu ya dredi zake. Alishinda, akaruhusiwa kusoma na dredi zake. Nilifurahi sana. Lakini soma ule uamuzi unasimama juu ya nini: juu ya dini yake. Nywele zake zililindwa kwa sababu ni imani. Sisi wengine, ambao nywele zetu ni nywele tu, bado hatuna wa kututetea isipokuwa sisi wenyewe.

Sasa tuongee doo, kwa sababu hiyo ndio lugha sote tunaelewa. Tuseme unanunua wembe wa plastiki wa shilingi 50 kila wiki mbili. Kwa mwaka hiyo ni 1,300. Tuseme unatinda nyusi kwa shilingi 200, pia kila wiki mbili. Hiyo ni 5,200. Jumla 6,500 kwa mwaka, na sijaweka krimu, nta, ama mafuta ya kutuliza vipele ulivyopewa na huo wembe. Kutoka miaka 16 hadi 26 umetumia shilingi 65,000. Hiyo ni mashine nzuri ya kushona ama stoki ya kuanzisha kiduka cha mitumba. Kama unapenda hizo nyusi, lipa na roho safi, mimi pia natinda zangu. Lakini kama unalipa ndio usichekwe, hiyo ni kodi, na hujawahi kuipigia kura.

Na hata hiyo kodi haiko sawa. Mwaka wa 2015 ofisi ya kulinda wanunuzi ya jiji la New York ililinganisha bidhaa za wanawake na za wanaume zilizofanana. Za wanawake zilikuwa bei juu kwa wastani wa asilimia 7, na kwa vitu vya kujitunza mwili ilikuwa asilimia 13. Hapa kwetu fanya utafiti wako mwenyewe: simama kwa rafu ya supamaketi, angalia wembe wa bluu na wembe wa waridi wa kampuni moja, soma bei. Makali ni makali, hayajui rangi.

Machali, msidhani nimewasahau. Nyinyi pia wamewaingilia. Kijana wa miaka 20 asiye na ndevu anaitwa mtoto, anaambiwa hana uanaume, anauziwa mafuta ya kuotesha ndevu na mtu ambaye ndevu zake ni za ukoo. Yule mwenye ndevu anaenda kinyozi, anarudi na vipele shingo nzima, spiriti inamchoma machozi yakitoka na bado anasema ako sawa. Mwenye nywele kifuani anaambiwa azitoe kabla ya kwenda kuogelea. Aibu yako na yangu zimetengenezwa kwa kiwanda kimoja. Kwa hivyo ukinicheka malaika yangu, kumbuka Waswahili walisema mwenzako akinyolewa, chako tia maji.

Kitu kingine niwaambie ndio mjue sisemi haya nikiwa nimekaa mahali pa raha. Mwaka jana kampuni moja, sitaitaja, ilinitafuta nitangaze krimu yao ya kutoa nywele. Pesa waliyotaja ilikuwa kubwa kuliko chochote nimewahi kulipwa kwa video moja. Ingelipa nyumba miezi minne. Krimu yenyewe niliijaribu, ilikuwa sawa, sina neno nayo. Shida ilikuwa maneno waliyoniandikia. Nilitakiwa nionyeshe miguu yangu kabla, nikunje uso kama nimeona kitu kimeoza, kisha nionyeshe baada, nitabasamu, niseme, "Sasa najisikia mwanamke."

Nikawaambia nitaonyesha venye inafanya kazi, nitasema bei, nitasema inauma ama haiumi. Lakini sitakunja uso nikiangalia mwili wangu, kwa sababu wanaonifuata wengi ni wasichana wa miaka 14, 15, na miguu yao iko kama ile ya "kabla". Wakanijibu kwa adabu kwamba wametafuta mtu mwingine. Nyumba nililipa kwa kuuza viazi na mathe. Sijutii, lakini nimeandika hii ndio mjue kwamba nyuma ya kila ule uso uliokunjwa mnaouona kwa video, kuna karatasi ya mtu aliyelipa ukunjwe.

Halafu kuna upande ule mwingine, na hapa wengine mtanikasirikia. Kuna wale wanakuja na kiboko kingine: ukinyoa wewe umetawaliwa, wewe ni mtumwa wa wanaume, mwanamke wa kweli anaacha. Wapendwa, tumetoka kwa mwalimu mmoja wa zamu tusiingie kwa mwingine. Na msifikirie huo uhuru hauuzwi. Lile jarida la Harper's Bazaar, lile lile la matangazo ya 1915, mwaka wa 2019 liliweka picha za mwanamitindo Emily Ratajkowski akiwa na nywele za kwapa, na kila mtu akalisifu kwa ujasiri. Mwaka mmoja kabla ya hapo kampuni inayoitwa Billie ilitoa tangazo linaloonyesha wanawake na nywele zao za mwili, bila kuficha, likapendwa dunia nzima. Kampuni hiyo inauza nini? Nyembe. Mwaka wa 2021 ikanunuliwa na kampuni nyingine kubwa ya nyembe kwa dola milioni 310.

Sisemi lilikuwa tangazo baya. Lilikuwa zuri. Nasema tu mtu anaweza kukuuzia aibu Jumatatu na kukuuzia uhuru Ijumaa, na risiti zote mbili zinatoka kwa mashine moja. Kwa hivyo usiulize, "Hii inaonekana ya kisasa?" Jiulize, "Kama hakuna mtu angejua, ningefanya?" Mimi nimejiuliza. Kwapa nanyoa, napenda nikishika pako laini. Miguu naacha. Nyusi natinda. Hakuna falsafa hapo, ni mapenzi tu. Yako yanaweza kuwa kinyume kabisa na tukakaa kwa kiti kimoja cha matatu bila shida.

Sasa ile sehemu iliyonifanya niandike hii post wiki hii, si wiki ijayo.

Kuna rafiki yangu, amenikubalia niandike bila jina, aliyeanza kuota nywele kidevuni akiwa na miaka 16. Si moja mbili. Ndevu. Alikuwa anaamka saa kumi usiku kabla ya wengine bwenini, ananyoa kwa wembe gizani, anarudi kulala. Alifanya hivyo miaka saba. Kwenye hiyo miaka saba hedhi yake ilikuwa inapotea miezi mitatu, minne, inarudi, inapotea tena. Chunusi zilimjaa. Hakumwambia mama yake, wala muuguzi, wala mimi ninayelala kwake. Angeanzaje? Kueleza hedhi angelazimika kueleza kidevu, na kidevu alikuwa ameapa hakuna mtu atakijua.

Mwaka huu ndipo alienda hospitali, kwa ajili ya kitu kingine, na daktari mmoja mtulivu akamuuliza maswali. Ana hali inayoitwa PCOS, mvurugiko wa homoni unaohusiana na ovari. Mwili unatengeneza zaidi zile homoni ambazo watu huziita za kiume, ingawa kila mwanamke anazo. Ndizo zinaleta ndevu, chunusi, na hedhi isiyoeleweka. Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kwamba hali hii inawapata kati ya asilimia 8 na 13 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa, na kwamba hadi asilimia 70 yao hawajui kama wanayo. Ni moja ya sababu kubwa za wanawake kutatizika kupata mimba, na inaongeza uwezekano wa kisukari. Haina dawa ya kuimaliza kabisa, lakini inasimamiwa vizuri, na ukiijua mapema ni rahisi zaidi.

Piga hesabu kwa darasa lako. Wasichana 40. Hapo kuna watatu, wanne, watano. Wangapi kati yao wananyoa kidevu gizani sai?

Si kila mwenye ndevu mbili tatu ana PCOS. Wengine ni ukoo tu, shangazi anazo, shosho anazo, na mambo yako sawa. Lakini ona venye aibu ilifanya kazi yake hapo. Mwili wa huyu rafiki yangu ulikuwa unamwambia kitu kwa miaka saba, kwa sauti, usoni kabisa, na yeye alikuwa anaufunga mdomo kila alfajiri kwa wembe wa shilingi kumi. Wembe haukuwa na makosa. Angeweza kunyoa na pia aende hospitali. Hakwenda kwa sababu sisi, mimi na wewe na wale wa "sokwe" na "msitu", tulikuwa tumemfundisha kwamba hicho kidevu ni kichekesho. Kumbe ni dalili.

Uingereza kuna mwanamke anaitwa Harnaam Kaur, ana PCOS. Alichekwa utoto wake wote, mwishowe akaacha ndevu zikue, na Guinness wakamwandika kama mwanamke mdogo zaidi kwa umri mwenye ndevu kamili. Simleti hapa ndio kila mtu afuge. Rafiki yangu hataki kufuga, anataka zitoke, na anatumia dawa aliyopewa. Wote wawili wako sawa kwa sababu wote wawili sasa wanajua nini kinaendelea ndani ya miili yao.

Kwa wale mnaonyoa, chukueni haya, ni mambo ya kawaida ambayo hakuna mtu hutuambia. Wembe wako ni wako peke yako. Usiazime dada, usiazime wa bwenini, kwa sababu virusi vya homa ya ini na vya ukimwi vinaweza kupita kwa damu kidogo usiyoiona. Nyoa ngozi ikiwa imelowa maji ya vuguvugu na sabuni, ukifuata upande nywele zinalala. Nywele zetu zimejikunja, ukizikata kinyume na karibu sana zinarudi ndani ya ngozi na kuleta vipele. Ukitumia krimu, paka kidogo mahali padogo kwanza ungoje siku moja, na ya miguu usiipeleke usoni wala sehemu za siri. Sehemu za siri hakuna ulazima wa kiafya wa kunyoa, maji yanatosha, na mtu akikuambia ni uchafu muulize alisomea wapi. Na wacha kuogopa ati ukinyoa zinarudi nyingi. Mzizi uko chini ya ngozi, haujui juu kumefanyika nini. Zinahisi ngumu kwa sababu ncha imekatwa butu.

Na kama una nywele nyingi kidevuni, kifuani ama tumboni zilizoanza ghafla, halafu hedhi yako inapotea potea, nenda hospitali. Huna haja ya kungoja miaka saba. Mwambie muuguzi maneno mawili tu: "Hedhi yangu haieleweki, na ninaota ndevu." Yeye ameona mengi kuliko hayo kabla ya saa nne asubuhi.

Wewe unayecheka kwa video za watu, sikuombi upende nywele za mtu. Huna lazima ya kupenda. Nakuomba tu upite. Vidole vyako vinajua kupita, umepita matangazo ngapi leo?

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Kwa hivyo usiniambie kama unanyoa ama hunyoi, hiyo haituhusu. Niambie kitu kimoja tu: mtu wa kwanza kabisa kukuonyesha kwamba nywele za mwili wako ni aibu alikuwa nani, na ulikuwa na miaka mingapi? Nitasoma zote leo usiku, intaneti ya Sachangwan ikikubali.